Bongo Mbaya: kanda ya njano ya Bad Brains na watu wanaoruka nyimbo

Tuanze na jina maana hapo ndo wengi wa huku wanakwama. Bad Brains. Ukilitafsiri kishule unapata ubongo mbovu, kama vile mtu kadondoka na bodaboda, lakini sisi tunaosema "dogo mbaya yule" tukimaanisha dogo anajua mpira mpaka mabeki wanaomba kutolewa, tunajua kabisa hilo neno linavyogeuka likishafika mtaani, na kwa Wamarekani weusi nako liligeuka hivyohivyo, mbaya ni noma, ni hatari. Kwahiyo mi nawaita Bongo Mbaya. Na nchi yetu wenyewe si tunaiita Bongo, kwa sababu bila kutumia kichwa hautoboi. Kama kuna bendi ya panki, ule muziki wa magitaa ya kelele na kasi, ilitakiwa izaliwe Mbeya ni hii, basi tu ikazaliwa Washington.

Kilichonifanya niandike ni ubishi. Pale Kabwe nina mshkaji anatengeneza simu, tumwite Fundi, huyu ni mtu wa magitaa mazito, alianza kuyasikia kwenye magemu ya mpira akiwa mdogo na hajapona mpaka leo. Hatua tatu kutoka kwake yupo Ras mmoja mtu mzima, wa Tukuyu, anauza vikuku na kofia za rangi tatu, huyu ukimtajia muziki ambao sio rege anakuangalia kama umemkaribisha kitimoto. Fundi nilimpa albamu ya Bad Brains mwenyewe, baada ya wiki nikamuuliza vipi, akasema mwanangu kali sana ila zile rege nimezifuta, zinakata stimu. Ras naye alikuwa anazisikia kwenye spika ya Fundi kabla hazijafutwa, akaniita pembeni, dogo, zile nyimbo tatu za kuabudu niwekee kwenye flashi, hayo mengine ya watu wanaogombana muachie mwenzako. Yani kibanda na kibanda, kila mmoja kachukua nusu ya sahani kamwaga nusu nyingine, na kila mmoja ana uhakika kabaki na nyama.

Mi nasema wote wawili hawajaisikia hiyo albamu.

Kwanza ijulikane ni kitu gani. Albamu inaitwa kwa jina la bendi yenyewe, ilitoka Februari 1982 na ilitoka kwa kaseti peke yake, hamna santuri, maana ROIR ya New York, kampuni ya bwana mmoja anaitwa Neil Cooper, ilikuwa ni kampuni ya kaseti basi. Kava lina kijani, njano na nyekundu, na radi inashuka moja kwa moja kwenye kuba la bunge la Marekani. Ndo maana mashabiki mpaka leo wanaiita kanda ya njano. Nyimbo 15, dakika kama 34, yani unaweza kuisikiliza yote kwenye daladala kutoka Uyole mpaka Mbalizi na ukabaki na muda wa kugombania chenji na konda.

Sasa mambo ya kaseti watu wa umri wangu hatuhitaji semina. Nyumbani kwetu kulikuwa na redio kaseti ya mzee, milango miwili, na nilijua kabla sijajua kusoma vizuri kwamba ukiziba vile vitundu vya juu kwa karatasi unaweza kurekodi juu ya kanda yoyote, hata kama ni kwaya ya mama, na ukichapwa unajua kabisa unachapwa kwa sababu gani. Ukanda ukijikunja unaurudisha kwa kalamu ya biki. Betri zikiisha unazianika juani, na Julai ya Mbeya jua lenyewe linatoka kama linadaiwa. Na kila ukikopi kanda kutoka kwenye kanda sauti inazidi kuwa na ukungu, kopi ya nne ni kama waimbaji wapo chumba cha pili na mlango umefungwa, lakini ndo hivyo muziki ulivyotufikia na hakuna aliyelalamika.

Nimelisema hilo kwa sababu. Kwenye kaseti kuruka wimbo ni kazi. Lazima ukandamize kitufe cha kupeleka mbele, ukadirie, uachie, ukute umepitiliza, urudi nyuma, ukute umerudi sana, na hapo betri inalia. Mtu mwenye akili timamu anaacha kanda iende. Hawa jamaa walitengeneza kitu cha kusikilizwa na mtu ambaye hana namna rahisi ya kukimbia, wakapanga nyimbo wakijua hivyo, afu leo tunaisikiliza kwenye simu ambayo kidole kimoja tu kinaondoa wimbo kama unafukuza nzi, halafu tunasema rege zinakata stimu.

Mi mwenyewe niliingia kupitia mlango wa nyuma. Miaka ile ya vibanda vya kuwekewa nyimbo kwenye memori kadi, pale Mwanjelwa nilimpa kijana buku akaniwekea folda limeandikwa REGE KALI, ndani Lucky Dube, Burning Spear, Culture, na wimbo mmoja mrefu wa dakika sita na ushee unaitwa I Luv I Jah. Nikajua ni Wajamaika. Niliusikiliza miezi, ule wimbo una besi inayotembea kama mzee anayerudi kutoka shamba, haina haraka na haipotei njia. Siku nimetafuta nyimbo zingine za wenye wimbo ule, nikabonyeza wa kwanza kwenye albamu, Sailin' On, nikatoa earphone masikioni kuangalia kama simu imeharibika.

Hapo sasa ndo pa kukaa kidogo.

Watu wana imani kwamba panki ni muziki wa wasiojua kupiga, unajifunza kodi tatu za gitaa unapanda jukwaani unapiga kelele, na kwa bendi nyingi wala sio uongo na wala sio tusi. Bad Brains walikuja kinyume. Hawa watoto wanne wa maeneo ya Washington, H.R. ambaye jina lake halisi ni Paul Hudson kwenye sauti, mdogo wake Earl Hudson kwenye dramu, Gary Miller anayejiita Dr. Know kwenye gitaa na Darryl Jenifer kwenye besi, walianza na bendi inaitwa Mind Power wakipiga jazi ya kuchanganya na roki, ile ngumu, wakihusudu watu kama Return to Forever na Mahavishnu Orchestra, muziki ambao ukikosea hesabu sekunde moja wenzako wameshafika kituo kingine. Ndo wakakutana na panki mwishoni mwa miaka ya 70, jina wakalitoa kwenye wimbo wa bendi ya Ramones, wakasema ngoja tufanye hiki lakini kwa kasi zaidi. Kwahiyo hawakukimbia kwa sababu hawajui kutembea.

Dereva yeyote wa lori anayepita Kitonga atakuelewesha hili kuliko mchambuzi. Kuna lori linashuka Kitonga kwa kasi kwa sababu dereva anazijua kona zote na breki zake kazipima Ilula, na kuna lori linashuka kwa kasi kwa sababu breki zimekatika. Ukiwa umesimama pembeni unauza vitunguu zote unaziona sawa, kelele sawa, vumbi sawa. Tofauti unaijua kwenye kona. Sasa sikiliza kona za hii albamu. Bendi nzima inakimbia kama inafukuzwa na nyuki, afu wote wanne wanasimama kwa pamoja, ghafla, kimya cha nusu sekunde, wanaondoka tena kwa pamoja hamna aliyetangulia. Supertouch/Shitfit ni nyimbo mbili zilizounganishwa na unaweza kusikia pale gia inapobadilishwa. Big Take Over inaanza kwa kujivuta na mikwaruzo ya gitaa kama mtu anatafuta stesheni kwenye redio ya mbao afu ghafla inaachia. Right Brigade ina sehemu inapunguza mwendo katikati na uzito unaongezeka badala ya kupungua, na hicho ni kitu bendi nyingi za kukimbiakimbia hazikuwahi kukijua kabisa, wao waliamini uzito uko kwenye spidi. Lori lililokatika breki halisimami na kuondoka namna hiyo.

Na usidhani nyimbo za haraka zote ni hasira. Sailin' On ni wimbo wa kuachana, mtu anamwambia mpenzi wake basi mi naondoka, una mpaka viitikio vya oo-oo nyuma kama bendi za dansi. Attitude, dakika moja na sekunde kadhaa, ni wimbo wa kutia moyo. Hapa kuna kichekesho kizuri, maana H.R. alikuwa amesoma kile kitabu cha Napoleon Hill cha 1937 cha kufikiri ukatajirika, kilekile ambacho kila mhamasishaji wa Bongo anakitoa kwenye begi kabla hajakuuzia semina, akachukua hoja yake ya kuwa na mtazamo chanya, wakaifupisha herufi tatu, PMA, wakaipiga kama wanavunja mlango. Mi nimekaa kwenye semina za hamasa za masaa matatu kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na sijawahi kutoka na nusu ya nguvu ninayotoka nayo kwenye ile dakika moja, na kiingilio kilikuwa elfu kumi.

Singo yao ya kwanza ya 1980, Pay to Cum, nayo ipo humu imerekodiwa upya, jina lake silitafsiri wazee wanasoma, ila ni dakika moja na nusu na wapo wanaoamini hadikoo nzima ya Marekani, hiyo panki ya spidi kali, imetokea pale. Vijana wa kizungu wa Washington waliokuwa wanakwenda kuwaangalia, kina Ian MacKaye aliyekuja kuwa na bendi ya Minor Threat, wenyewe wamesema mara nyingi hawa ndo waliwaonyesha inavyofanyika. Wanafunzi walikuwa wazungu na walimu weusi, na hilo kwenye historia ya roki huwa linasemwa kwa sauti ya chini.

Halafu hao walimu wakajikuta hawana pa kupigia. Kumbi za Washington zilikuwa hazitaki tena kuwaona, wakahamia New York, na wakaliandikia wimbo jambo lenyewe, Banned in D.C., wa tano upande wa kwanza wa kanda. Huo wimbo Fundi anaupenda kuliko yote. Na hapa ndo ninapomkamata Fundi. Mwanangu, umeupenda wimbo wa mtu aliyefukuzwa mjini, afu ukafuta wimbo wa nane, Leaving Babylon, unaofunga upande uleule, ambao ni wa mtu anayeondoka Babeli, yani mji wa dhuluma kwa Marasta, kwa miguu yake mwenyewe. Ni stori moja ile! Mara ya kwanza anafukuzwa na anajibu kwa kasi, amekasirika, anasema hamuwezi kuniumiza. Nyimbo tatu baadaye hasira imetulia na yule aliyefukuzwa ndo amekuwa mwenye kuondoka, hafukuzwi na mtu, anaenda zake, na jambo kama hilo hauwezi kulipiga kwa spidi kwa sababu mtu anayekimbia haonekani kama ameamua. Anaonekana kama anafukuzwa tu.

Piga hesabu ndogo. Rege ni 3 kati ya 15, Jah Calling, Leaving Babylon na I Luv I Jah, ukihesabu kwa vichwa ni chache, lakini ukihesabu kwa dakika zinakula kama 13 kati ya zile 34, zaidi ya theluthi ya kanda. Mtu anayefuta rege amefuta theluthi ya albamu. Hawa jamaa walikuwa wameshamuona Bob Marley jukwaani, wakaingia kwenye Urasta mzimamzima, na hawakuziweka hizo nyimbo kama mahali pa kupumzisha mikono.

Nimekulia kwaya ya Moravian, na mtu aliyekulia kwaya hashangai hii kitu kabisa. Ibada ya jioni inaanza na pambio, watu wanaruka, wamama wanazungusha vitenge hewani, vumbi mpaka kwenye taa, kijana wa kinanda anaongeza mwendo na mwalimu wa kwaya anamkatalia kwa macho. Afu anasimama mzee mmoja anaanzisha tenzi, polepole, bila kinanda, na chumba kilekile chenye jasho lilelile kinaingia. Hakuna aliyewahi kusema tenzi zinakata stimu. Na hakuna aliyesema pambio ni fujo tuondoe tubaki na tenzi. Bila lile pambio ile tenzi ni wimbo wa msibani tu, inapata uzito kwa sababu bado unahema. Ukimsikiliza H.R. kwenye I Luv I Jah unasikia mtu ambaye dakika chache nyuma alikuwa anapiga mayowe, koo bado lina moto, sasa anaimba taratibu kuhusu kudharauliwa na kubaki na Mungu wake, na ule utulivu unajua ameupata kwa gharama. Ras, hilo ndo la kwako. Ukiusikiliza peke yake kama nilivyousikiliza mimi mwanzoni kwenye folda la REGE KALI ni rege nzuri ya kawaida, wapo Wajamaika mia wamepiga nzuri kuliko hiyo, sema ukweli. Ukiusikiliza wa 14, baada ya Right Brigade, ni kitu kingine.

Na baada yake kuna kimoja tu cha kufungia, kifupi kama dakika moja, magitaa yameachiwa tena. Kinaitwa Intro. Utangulizi wameuweka mwisho. Kwenye kaseti ukigeuza kanda hapo unaanza upya Sailin' On, kwahiyo utangulizi uko mahali pake kabisa, jamani.

Nisifanye kama haina kasoro. Sauti yenyewe ni ya ukungu, dramu za Earl kuna sehemu zinalia kama debe, na maneno ya H.R. hata wenye lugha yao wanayatafuta kwenye karatasi. Ilirekodiwa 1981 pale 171-A, chumba cha kufanyia mazoezi mtaa wa Avenue A New York, na fundi mitambo wake alikuwa Jay Dublee wa palepale. Mwaka mmoja baada ya kanda kutoka, 1983, walitoa albamu ya Rock for Light na prodyuza wao alikuwa Ric Ocasek yule wa bendi ya The Cars, baadhi ya nyimbo hizihizi zikarudiwa, ni safi zaidi, na mi sirudi kuisikiliza mara kwa mara. Imepigwa pasi sana. Kwenye kanda ya njano unasikia chumba, unasikia dari ni fupi na watu wanne wamebanana na hakuna mlango wa kutokea, na muziki huu unahitaji hilo banano. Adam Yauch wa kundi la rap la Beastie Boys, ambao nao walirekodi vitu vyao vya utoto palepale 171-A, amewahi kusema hii ndo albamu bora ya panki na hadikoo ya wakati wote. Mi simpingi sana.

Kasoro ya pili sio ya sauti na inauma zaidi. Mwaka uleule wa 1982 wakiwa Austin, Texas waligombana vibaya na bendi ya Big Boys kwa sababu mwimbaji wao alikuwa shoga, watu waliowapokea vizuri mjini kwao, na H.R. akaleta hukumu za kidini mpaka urafiki ukafa. Bendi iliyoandika Banned in D.C., inayojua kabisa inavyokuwa kufungiwa mlango, ikafunga mlango kwa wengine miezi michache baada ya kanda kutoka. Baadaye wenyewe walikuja kuonyesha majuto, lakini mi nikifika kwenye nyimbo za upendo wa Jah hilo huwa linanijia, siwezi kulizuia, na sidhani natakiwa kulizuia.

Kuna swali huwa naulizwa nikiweka huu muziki kwenye spika, hawa ni weusi kweli? Afu anayeuliza yupo Mbeya, masaa mawili na kitu kutoka Tunduma, ng'ambo tu hapo Wazambia miaka ya 70 walikuwa wanapiga roki mpaka ikapewa jina lake, Zamrock, kina WITCH, kina Paul Ngozi, magitaa yamepauka kwa distoshen, ile mikwaruzo ya makusudi. Mjomba wangu alikuwa TAZARA, reli ikishafunguliwa alikuwa anapanda mpaka Kapiri Mposhi na kurudi, na kwenye sanduku lake la bati kulikuwa na kanda mbili za hao jamaa ambazo shangazi alikuwa anaziita nyimbo za walevi. Roki ya watu weusi ilikuwa inapita Iyunga kwenye behewa kabla mimi sijazaliwa, kwahiyo hilo swali mi huwa nalirudisha kwa mwenyewe, we ulidhani ni la nani?

Anyway. Jumamosi nimepita Kabwe, Fundi nimemrudishia zile tatu alizofuta, amesema ataziskiliza, hajaapa. Ras nimempelekea flashi yake. Aliomba tatu, nimeweka zote 15, na nimefuta majina yote nikaacha namba tu, moja mpaka kumi na tano, asijue ipi ni ipi. Akapokea, akasema ndaga, yani asante kwao Tukuyu, akaniwekea na kikuku juu. Jioni simu inaita.

"Dogo, hii flashi yako ina virusi, nyimbo zinakimbia zenyewe."

"Umefika namba ngapi, Ras?"

"Nne."

Nikamwambia vumilia mpaka ya sita.